Kilomita 850 Angani, Kilomita 3 Majini

Jumapili iliyopita niliombwa kuzungumza kwenye mkutano wa chama chetu cha kusaidiana, sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunaoishi Dar es Salaam. Wengi walikuwa kazini au safarini, na wameomba niyaandike niliyoyasema. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Mwangaluka, wazee wangu! Wazee mlioketi mbele, kina mama, kina baba, ndugu zangu, na nyie vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: asanteni kwa kuniita.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia hivi: "Mwanangu, wewe kazi yako ni kupanga safari za ndege. Njoo utueleze kwa nini watu wetu wanapanda ndege, wanalipa hela nyingi, halafu bado wanakuta jeneza limeshafukiwa." Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia kwamba swali lile lilinichoma. Mtaona kwa nini baadaye.

Naanza na swali. Kutoka hapa Dar hadi Mwanza ni mbali kiasi gani?

Haya, nimesikia. Kijana yule amesema saa moja na nusu. Mama hapa pembeni amesema kilomita elfu moja mia moja na kitu. Na mzee wetu pale dirishani amesema siku mbili. Mnamcheka? Msimcheke. Mzee hajakosea. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa miaka mingi mtu wa kwetu alipanda treni hapa Stesheni, akapita Morogoro, Dodoma, Tabora, akageukia kaskazini, na njiani akalala usiku mara mbili. Kwake Mwanza ilikuwa siku mbili, na alifungasha chakula cha siku mbili.

Na wangapi hapa wamewahi kwenda Mwanza kwa basi kwa kupitia Nairobi? Nyosheni mikono. Mnaona, vijana? Hawa wazazi wenu walikuwa wanatoka Tanzania kwenda Tanzania, na wanavuka mpaka mara mbili: wanatokea Namanga, wanalala njiani ndani ya Kenya, wanaingia tena Sirari, ndipo Musoma, ndipo Mwanza. Kwa sababu barabara ya kati, ile ya Dodoma na Singida, ilikuwa vumbi na mashimo, na masika ilikuwa tope. Lami ilipokamilika basi likapita ndani ya nchi, zaidi ya kilomita 1,100, na mtu akawa anaondoka alfajiri na kufika usiku ule ule mnene.

Mwanza haikusogea hata hatua moja miaka yote hiyo. Umbali ule ule, muda mwingine. Nitalirudia neno hilo leo mpaka mlichoke.

Sasa huo umbali wenyewe tunaupataje, sisi watu wa ndege? Nimekuja na tikiti maji na uzi wa kushonea. Mama, nisaidie kushika. Chukulieni hili tikiti ni dunia. Nachoma kijiti hapa, ni Dar. Nachoma kingine hapa, ni Mwanza. Navuta uzi juu ya ganda mpaka ukaze. Uzi ukishakaza, huo ndio mstari mfupi kuliko yote, na ukiupima unapata kama kilomita 850. Marubani hawasemi kilomita, wanahesabu maili za baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Kwao safari yetu ni kama maili 460. Haijali barabara imepita wapi, haijali Nzega wala Shinyanga. Inakwenda kama kunguru angekwenda, kama kunguru angekuwa na haraka na pumzi za kutosha.

Na ukiufuata huo mstari kwenye ramani unakata kaskazini ya Morogoro, unapita Kiteto, unakaribia Kondoa, halafu Mlima Hanang unaubakiza mkono wa kushoto. Siku isiyo na mawingu, ukikaa dirisha la kushoto, utafute mlima uliosimama peke yake. Mimi kila nikiuona najua nusu ya safari imeshapita. Mbele kidogo, mkono wa kulia, kuna mng'ao mweupe wa Ziwa Eyasi. Halafu Meatu, halafu Kwimba, halafu nyumbani.

Umbali huo hautabadilika maisha yetu yote. Kwa hiyo mtu akikuambia "Dar hadi Mwanza ni kilomita 850," amekwambia kweli. Lakini akikwambia "kwa hiyo utafika baada ya saa moja na nusu," hapo mwulize: nitafika wapi?

Tuingie kwenye hiyo saa moja na nusu, maana imewaponza wengi. Ndege ya Airbus A220, zile ambazo wengi wenu mmezipanda, ikishatulia juu inakwenda kama kilomita 830 kwa saa. Ukigawa 850 kwa 830 unapata saa moja na ushee. Mbona tiketi inasema zaidi? Kwa sababu muda wa tiketi unaanza pale magurudumu yanapoanza kusogea kutoka maegeshoni, na unaisha pale yanaposimama kabisa Mwanza. Humo ndani kuna kutembea ardhini taratibu, kusubiri ndege nyingine itue, kupanda. Kupanda hadi futi 36,000 kunachukua dakika ishirini na zaidi, na wakati huo ndege haijafika mwendo wake. Kushuka ni vivyo hivyo. Rubani hasubiri auone uwanja ndipo ashuke. Kwa urefu ule anaanza kuteremka ikiwa imebaki kama kilomita 200. Yaani wewe abiria bado unakunywa juisi juu ya Meatu, yeye ameshapunguza moto.

Kuna jambo watu hunibishia sana hapa. Wanasema, "Sitaki pangaboi, nitachelewa." Pangaboi ndiyo ile Bombadia, ndege ya mapanga, inakwenda kama kilomita 650 kwa saa. Kweli ni pungufu. Lakini kwa umbali wa 850, tofauti yake na ile ya jeti ni kama robo saa. Robo saa! Mtu anaacha pangaboi ya saa mbili asubuhi, anasubiri jeti ya saa saba mchana, halafu anasema amekwenda haraka. Ndugu zangu, tafadhali, nimeyaona haya kwa macho yangu, na mtu huyo alikuwa anakwenda kumwona mama yake hospitali.

Halafu kuna upepo. Wakerewe mliopo hapa, nani hajui upepo? Mtumbwi wa tanga ukitoka Nansio, upepo ukiwa nyuma unaimba. Upepo ukiwa usoni unapiga kasia mpaka mabega yawake moto. Maji yale yale, kisiwa kile kile. Angani ni hivyo hivyo. London na New York zimetengana kama kilomita 5,540. Kwenda New York ndege huchukua kama saa nane, kurudi London kama saa saba, kwa sababu kule juu kuna mto wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki. Februari 2020, kulipokuwa na tufani, ndege moja ya abiria ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Umbali ule ule, muda mwingine.

Kwetu huku karibu na ikweta mto ule wa upepo haupiti, na kwenda Mwanza na kurudi havipishani sana. Kinachotuumiza sisi ni ziwa. Wavuvi wa dagaa wanalijua: usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, upepo unatoka pande zote za nchi kavu unakutana katikati ya ziwa, na mawingu makubwa ya radi yanakua usiku na alfajiri juu ya maji. Mchana yanahamia upande wa ardhi. Sasa uwanja wa Mwanza uko wapi? Uko ufukweni kabisa. Ndege ikifika ikakuta mvua ya radi imekaa juu ya njia ya kutulia, rubani atazunguka, atasubiri, mafuta ya kusubiri anayo, na pengine atakwenda Kilimanjaro. Akifanya hivyo, abiria wananuna na wengine wanapiga kelele. Mimi nawaomba: mshukuruni. Mezani pangu mimi, kabla ya ndege kuondoka, tunamhesabia mafuta ya kufika, mafuta ya kwenda uwanja mwingine, na mafuta ya kuzunguka nusu saa juu yake. Tunamhesabia ili siku hiyo ikifika asilazimike kuthubutu.

Na radi hiyo ya alfajiri ya Mwanza inaweza kumchelewesha mtu wa Kilimanjaro saa kumi jioni. Kwa nini? Kwa sababu ndege ni kama daladala, ina trip zake za siku. Ile ile iliyokwenda Mwanza asubuhi ndiyo itarudi Dar, ndiyo itakwenda kwingine, ndiyo itarudi tena. Ikichelewa trip ya kwanza, inaburuta kuchelewa kwake siku nzima. Kwa hiyo nikiulizwa na ndugu yangu mwenye shughuli ya lazima, namwambia: panda ile ya kwanza kabisa, iliyolala hapa Dar. Hiyo haijarithi deni la mtu.

Niseme la saa, kisha niende kwenye lililonileta.

Shemeji yangu alikatiwa tiketi na mwanawe. Tiketi imeandikwa 07:30. Kijana akampigia: "Baba, ndege yako saa saba na nusu." Shemeji ni mtu makini. Saa tano asubuhi yuko uwanjani, kavaa koti, kabeba vitenge vya wakwe. Dada wa kaunta akaitazama tiketi, akamtazama yeye, akamwambia kwa upole, "Baba, ndege yako imeshatua Mwanza tangu saa tatu." Nilikuwa zamu siku hiyo. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha chuma, mzigo wa vitenge magotini, hasemi na mtu.

Tiketi haizungumzi Kiswahili. 07:30 ya tiketi ni saa moja na nusu asubuhi yetu. Toa sita, au ongeza sita, upate saa ya nyumbani. Na msomeeni mtu mzima kwa saa yake anayoijua, kisha mwambieni na jua litakuwa wapi: "Baba, ni asubuhi, jua ndiyo kwanza limetoka." Hapo hapotei mtu. Na zaidi ya hapo: tiketi ikiandika Jumanne 00:30, usiende uwanjani Jumanne usiku. Ndege itakuwa imekwenda tangu usiku uliotangulia. Kiswahili chetu kina maneno yake kamili kwa hilo: usiku wa kuamkia Jumanne. Andika hivyo kwenye karatasi ubandike mlangoni. Na wenye ndugu Kigali au Bujumbura, kumbukeni wenzetu wako nyuma yetu saa moja, kwa hiyo tiketi ya kwenda itaonekana fupi na ya kurudi itaonekana ndefu. Hakuna aliyekuibia.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Anayekaa Ilala akitaka kwenda Dodoma, angani ni kama kilomita 390, ndege inachukua kama saa moja. Treni ya mwendokasi iliyoanza mwaka 2024 inachukua kama saa tatu na nusu. Nani anashinda? Haraka haraka mtasema ndege. Lakini hesabuni tangu mlango wa nyumbani: saa moja ya foleni ya Barabara ya Nyerere, saa mbili za kuwahi uwanjani, saa moja ya angani, nusu saa ya kutoka. Saa nne na nusu. Sasa treni: nusu saa hadi Stesheni, saa moja ya kuwahi, saa tatu na nusu, robo saa ya kutoka. Tofauti haifiki saa moja. Safari ni ya mlango kwa mlango. Ile ya uwanja kwa uwanja ni ya ndege, si ya kwako.

Na mimi niliyajua haya. Nilikuwa nayajua kwa kazi.

Mwaka 2017 alifariki baba yangu mkubwa, Sengerema. Ndiye aliyenilea. Ndiye aliyeuza ng'ombe wawili nikaenda shule. Simu ilikuja usiku, mazishi yakapangwa kesho yake saa nane mchana. Nikakata tiketi ya saa tatu asubuhi. Nikapiga hesabu kichwani: saa nne na nusu natua, saa sita niko msibani. Nikamwambia kaka yangu, "Saa sita nipo." Wakaniandika kwenye ratiba, nisome wasifu wa marehemu.

Ndege iliondoka saa nne na dakika kumi, kwa kuwa ilichelewa kurudi kutoka trip yake ya alfajiri. Tukatua saa tano na dakika ishirini na tano. Angani nilitumia saa moja na robo, kilomita 850. Begi nikalipata karibu saa sita. Nikachukua teksi, tukakatisha mji mzima, Buhongwa, Usagara, tukafika Kigongo, penye kivuko cha kwenda upande wa Sengerema, saa saba na dakika tano. Nikasema bado nawahi.

Mnaijua Kigongo ya wakati ule. Mnayajua yale malori, wale kina mama wa samaki wa kukaanga, ule mteremko wa kwenda kwenye kivuko. Siku hiyo upepo ulikuwa umechafua ziwa, kivuko kimesimamishwa mpaka maji yatulie. Ng'ambo naiona. Busisi naiona kwa macho, naona hata basi jeupe limepaki upande ule, naona mtu anatembea. Kilomita tatu za maji. Kaka anapiga: "Umefika wapi?" Namwambia, "Naiona Busisi." Anapiga tena. "Naiona Busisi." Saa tisa kasoro kidogo akapiga mara ya tatu, hakuuliza. Aliniambia mawingu yamejikusanya, kaburi litajaa maji, wazee wameamua. Nikasikia nyuma yake koleo na udongo. Hakukata simu. Sijui kama alisahau au aliniachia nisikie.

Tulivuka saa kumi kasoro. Nikafika nyumbani saa kumi na moja na dakika tano. Udongo ulikuwa mbichi, na karatasi ya wasifu aliisoma mtoto wa shangazi.

Mnaona sasa, Mwenyekiti, kwa nini swali lako lilinichoma? Kilomita 850 zilinichukua saa moja na robo. Kilomita 3 zilinichukua karibu saa tatu. Kosa lilikuwa la hesabu yangu. Mimi, ambaye kila siku nampa rubani mafuta ya kusubiri, sikujiwekea dakika hata moja ya kusubiri. Mimi, ambaye siruhusu ndege iondoke bila uwanja wa pili, sikumwambia kaka yangu, "Msome wasifu bila mimi nikichelewa, na niambieni mtazika saa ngapi hata nisipofika."

Kwa hiyo ninachowaomba leo ni kazi, na nimeongea na katibu. Ukipata msiba, kabla hujapiga simu nyumbani kuahidi saa, nipigie mimi au mpigie katibu. Tutakaa na wewe dakika kumi tupige hesabu ya mlango kwa mlango: unatoka Mbagala au Kigamboni, foleni ya saa hiyo ikoje, ndege ni ya kwanza au imesharithi deni, una begi la kusubiri au la mkononi, ukitua Mwanza unakwenda Ilemela au unakwenda Ukerewe na meli ya mwisho ni saa ngapi. Na juu ya hesabu hiyo tutaongeza saa mbili za ziwa. Ndipo upige simu useme saa. Kama saa hiyo imepita saa ya mazishi, utawaambia ukweli mapema, na wazee wataamua wakiwa wanajua.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.

Nilipomaliza, mama mmoja kutoka Geita alisimama. Hakuwa na swali la ndege. Aliuliza, "Binti yangu, sasa daraja lipo. Siku ile, kama daraja lingekuwepo?"

Nilimjibu kwamba hesabu hiyo nilishaipiga. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 19, 2025, na wiki ile ile nilikaa mezani usiku nikaandika upya ile siku, kila kitu kama kilivyokuwa: ndege imechelewa vile vile, begi limechelewa vile vile, foleni ya mjini vile vile. Kigongo saa saba na dakika tano. Dakika tano juu ya daraja. Dakika hamsini hadi nyumbani.

Saa nane kamili.